Ni la Mtumba Tu

Ngokolo kuna eneo linaitwa Mitumbani, na huenda ndiyo maana jibu letu la sifa hutoka upesi kuliko la watu wengine. Mtu akikuambia gauni limekupendeza, hajamaliza sentensi umeshamjibu: la mtumba tu. Ukiona bado anakuangalia kwa kupendezwa, unamtajia na bei. Niliwahi kumsikia dada mmoja akisifiwa mtoto wake mchanga alivyo mzuri. Akajibu kwamba usiku halali. Hakuna aliyeshangaa.

Siku hizi tunaambiwa huu ni ugonjwa. Wahamasishaji wa mitandaoni wanatuelekeza kwamba ukisifiwa useme asante na unyamaze, na ukisaidiwa upokee, usijishushe. Nilikuwa nawacheka, na kicheko changu kilikuwa na kitabu mkononi. Nasoma shahada ya uzamili katika fasihi, na kwa miezi kadhaa nilikuwa nyumbani Shinyanga nikiandika sura ya tasnifu kuhusu Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah. Riwaya yenyewe ilitoka 1994 na kufika katika orodha fupi ya Tuzo ya Booker. Tafsiri ya Ida Hadjivayanis ilichapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Nobel. Gurnah alipopigiwa simu tarehe 7 Oktoba 2021 kuambiwa ameshinda alikuwa jikoni kwake Uingereza, na alidhani anataniwa. Mtu wa miaka 72, aliyefundisha fasihi miaka mingi Chuo Kikuu cha Kent, anapewa sifa kubwa kuliko zote katika kazi yake na jambo la kwanza analofanya ni kutomwamini anayempa. Nikasema huyu ni mtu wa Mitumbani kabisa. (Sisi wengine tulizipokea sifa hizo kwa niaba yake bila kusita hata kidogo, ingawa aliondoka Zanzibar miaka ya 1960 na wengi wetu hatukuwa tumesoma hata ukurasa mmoja wa vitabu vyake.)

Peponi ni kitabu cha kumtia mtu woga wa kupokea. Yusuf ana miaka kumi na miwili. Mfanyabiashara tajiri, Aziz, anayemwita kwa jina la undugu, hufikia nyumbani kwao, na kila akiondoka humwachia mtoto sarafu ya ana kumi. Mtoto anaisubiri sarafu ile kama sisi tulivyosubiri wajomba waliotoka Geita na Kahama na noti mpya mfukoni. Kisha siku moja Aziz anaondoka na Yusuf mwenyewe. Baba yake anadaiwa, na mtoto ndiye rehani. Anayemfumbulia ni Khalil, kijana aliyemtangulia katika duka la Aziz: yule si ndugu yako, mwite Seyyid.

Baada ya hapo huwezi kurudi mwanzo na kuisoma ile sarafu kwa furaha. Haikuwa malipo ya kumnunua Yusuf, maana hesabu ya deni ilikuwa kwa baba, na ana kumi hazikuingia humo. Ilikuwa kitu kibaya zaidi: ilimzoesha mtoto mkono wa yule atakayemchukua. Mtu wa ukanda wetu wa dhahabu anaielewa hesabu hiyo bila kufundishwa na profesa. Kuna wachimbaji wadogo wanaolishwa duarani na mfadhili wiki hata miezi, kabla jiwe lenye dhahabu halijaonekana. Likionekana, gharama zake zinakatwa kwanza. Ukimuuliza mchimbaji kuhusu mtu huyo anaweza kukuambia, kwa sauti ileile, kwamba amemsaidia sana na kwamba amemmaliza.

Sifa nazo, ndani ya riwaya hii, karibu zote ni mikono inayonyooshwa kushika. Yusuf ni mzuri wa sura, na kila anayeutaja uzuri wake ana haja nao. Ma Ajuza, mteja wa dukani, anamwita mumewe na kumvamia mbele za watu, na watu wanacheka. Mke mkubwa wa Aziz, mwenye alama usoni, amejiaminisha kwamba kijana huyu ana baraka ya kumponya. Humo ndani huwezi kusema asante na kunyamaza, kwa sababu anayekusifu ameshakaribia mno. Nilipoandika aya hii kwenye tasnifu niliona nimewamaliza wahamasishaji wote. La mtumba tu, niliandika, si unyonge. Ni mtu kurudi hatua moja nyuma ili asishikwe.

Halafu kuna Mzee Hamdani, mtunza bustani. Alikuwa mtumwa, na bibi mwenye nyumba alipotaka kumpa uhuru wake kama zawadi, alikataa. Hoja yake ni fupi: nani alimwambia bibi huyo kwamba uhuru ni wake hata autoe? Nikikumbuka mahali hapo bado nasisimka. Wahakiki wengi huanzia hapo wanapozungumzia uhuru katika kitabu hiki, na wana haki. Mimi nilikwenda mbali zaidi: nilimfanya Mzee Hamdani mlinzi wangu.

Wiki hizo laptopu yangu iliharibika. Jirani yetu, mama anayeuza vitumbua, ambaye namwita mama mkubwa tangu sijaanza shule, alisikia. Alikuja jioni, nikamwamkia, akakaa kwenye kigoda, akafungua pindo la kitenge na kutoa shilingi 40,000. Nilimwambia asihangaike. Akasema ni za kikoba, wamegawana juzi. Nikamwambia fundi amesema si tatizo kubwa, na ulikuwa uongo. Akanyoosha mkono mara ya tatu, nami nikaurudisha kwa upole, vidole vyangu juu ya vyake. Alizifunga fedha pindoni polepole. "Haya, mwanangu," alisema. "Kumbe siku hizi nyinyi mnapokea kwa wenye vyeo tu."

Aliendelea kuitikia shikamoo zangu. Ila vitumbua viwili ambavyo miaka yote alivituma asubuhi kwenye sahani ya bati havikuja tena.

Nikamrudia Mzee Hamdani nimwombe ushahidi, na hakuwa na ushahidi wa kunipa. Yeye alikataa zawadi ya kitu ambacho hakikuwa mali ya mtoaji. Zile 40,000 zilikuwa mali ya mama mkubwa, noti kwa noti. Nilikuwa nimemsoma mtu aliyekataa na nikapenda kule kukataa, nikaacha sababu yake mlangoni. Hilo ni kosa la usomaji kabla halijawa kosa la tabia, na liko katika sura niliyokwisha kuikabidhi kwa msimamizi wangu, ambaye aliisifu. (Nilimjibu kwamba nimeiandika haraka tu.)

Kilichonipita ni Khalil, tena yumo karibu kila ukurasa wa sehemu ya dukani. Tunamhakiki kama mtoa habari, mcheshi, sauti ya mtumwa aliyekubali minyororo yake. Lakini tazama anachompa Yusuf. Anamfundisha kazi ya duka, namna ya kusema na wateja, namna ya kuishi na mbwa wanaozunguka barazani usiku. Anamcheka, anamwita kifa urongo, na kicheko hicho kinamweka hai. Khalil mwenyewe ni rehani. Hana kitu asichodaiwa. Hampi Yusuf kwa kumwinamia kutoka juu. Na kwa sababu baina yao kuna utani mwingi kuliko hotuba, ni rahisi msomaji kuuona msaada huo kama hali ya hewa, yaani upo tu. Mimi ndivyo nilivyouona. Nilitafuta upokeaji katika sarafu na katika bustani, kwa wenye mali, nikawaruka maskini wawili wanaolala kwenye mkeka barazani.

Pengine lugha yetu imenisaidia kukosea. Methali zetu humpenda mtoaji: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, tenda wema nenda zako. Mpokeaji anapotajwa, aghalabu ni punda mwenye mateke, au yule aliyepewa shibiri akachukua pima. Sijui methali inayomsifu mtu kwa kupokea vizuri. Adabu ipo mwilini, maana mtoto wa Kisukuma hufundishwa kupokea kwa mikono miwili na binti kupiga goti. Lakini hayo ni mafunzo ya mikono na magoti.

Mwisho wa riwaya Yusuf anaikimbilia safu ya askari wa Wajerumani, anamwacha Khalil. Watu wameueleza mwisho huo kama kukata tamaa, au kama kubadilisha bwana. Sasa nauona hivi: askari wale hawasifu, hawapi, wanachukua. Kwa kijana aliyechoshwa na fadhila huko kuna unafuu wa ajabu, kwenda mahali ambapo hatatakiwa kumshukuru mtu. Ni unafuu ninaoujua. Nilikuwa nao kwa siku tisa, bila laptopu na bila vitumbua.

Siku ya kumi nilikwenda kwa mama mkubwa alfajiri, akiwa bado anakoroga unga. Nikapiga goti, nikamwambia fundi anataka 35,000 na sina. Alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Alizitoa zote 40,000, nikapokea kwa mikono miwili, nikasema wabeja. Kisha akaniambia, bila kupumzika, kwamba kompyuta ikipona nitamwandikia barua ya kikoba chao ya kuomba mkopo halmashauri, maana aliyekuwa akiwaandikia amehamia Kahama.

Kwa hiyo deni lilikuwapo. Niliandika kurasa mbili. Alizisikiliza zote, akasema barua ni nzuri ila ni ndefu mno, niipunguze.