Passard na karoti zake: tusipige makofi haraka



Juma iliyopita mumoja wetu aliweka ndani ya kundi video ya mupishi Mufaransa Alain Passard, na chini yake akaandika: "Waagronomi, muone, karoti inaweza kuwapa nyota 3." Watu walishangilia sana. Mioyo, mikono ya makofi, yote. Mimi niliandika tu "tutaongea", na wengine wakaniuliza kama niko na wivu. Basi, tuongee.

Niseme wazi kwanza: sijakula kwake. Menyu yake kubwa inapita euro 400 kwa mutu mumoja, na kabla hujagusa glasi ya divai. Ninamujua kwa filamu ya Netflix (Chef's Table, ile ya Ufaransa, 2016), kwa kitabu cha michoro cha Christophe Blain kilichotoka 2011, na kwa kusoma huku na kule wakati umeme unarudi. Kwa hiyo sitawaambia betravi yake iko na ladha gani. Nitaongea juu ya njia aliyopita, na juu ya udongo, maana hapo ninajua kidogo.

Passard alizaliwa 1956 kule La Guerche-de-Bretagne, muji mudogo wa magaribi ya Ufaransa. Baba alikuwa mupiga muziki, mama mushonaji. Nyanya yake Louise ndiye aliyekuwa na jiko, na mupaka leo picha yake inatundikwa ndani ya restora. Akiwa kijana mudogo akaingia jikoni kwa Michel Kéréver, Liffré. Kiisha Reims kwa Gaston Boyer, kiisha Paris kwa Alain Senderens. Akiwa na miaka 26 alipata nyota 2 za Michelin akiongoza jiko la kasino ya Enghien. Alipita Brussels pia, hoteli Carlton, na kule tena nyota 2. Mwaka 1986 akanunua nyumba ya mwalimu wake Senderens, 84 rue de Varenne, akaipa jina la muziki: Arpège. Nyota ya kwanza ikaja 1987, ya pili 1988, ya tatu 1996.

Sasa musimame hapo kidogo kwenye 1996, kwa sababu video inaruka hapo kama mutu anavyoruka shimo la maji barabarani.

Mwaka 1996 Passard hakuwa na shamba hata moja. Alikuwa mutu wa nyama. Tena siyo wa nyama tu, alikuwa mumoja wa wenyi kujua sana moto. Wakati wengine walisukuma kuku ndani ya oveni na kungoja, yeye alimupika juu ya jiko, na siagi ya chumvi, moto mudogo, masaa na masaa, akimugeuza na kumusikiliza. Wanaomujua wanasema kwamba kwake moto unapikwa kwa masikio pia. Ukiona filamu, utaelewa: anainamisha kichwa juu ya sufuria kama baba wa kwaya anayetafuta nani anaimba vibaya.

Nyota zote 3 zilikuja na moto huo, juu ya nyama, samaki na lobsta. Mboga hazikumupa hata moja. Shamba lilikuja mwisho, na lililipwa na jina lililokuwa tayari kubwa. Ndugu aliyeandika maneno ya chini ya video alipindua mambo, na kosa hilo siyo dogo kwetu, kwa sababu kuna vijana hapa wanaotaka kuuza pikipiki wanunue mbegu.

Mwaka 2001 akatoa nyama nyekundu kwenye menyu. Ulaya ilikuwa katika woga wa ugonjwa wa ngombe wazimu, na watu wengi walisema ni hiyo tu. Mwenyewe alieleza zaidi: kazi ya kila siku na munyama aliyekufa, na damu, ilimuchosha, hakuwa tena na furaha jikoni. Ninamuamini. Mutu wa nyota 3 hawezi kutupa kitu kilichomujulisha kwa hesabu ya biashara peke yake. Hatari ilikuwa kubwa mno. Magazeti ya chakula yalimungojea aanguke. Hakuanguka, nyota 3 zilibaki.

Lakini tuseme kweli yote. Wengi wanahadisia kana kwamba tangu siku ile hakuna munyama aliyeingia tena rue de Varenne. Siyo hivyo. Samaki na kuku walikuwepo kwenye meza yake kwa miaka mingi nyuma ya hapo. Ni katika Julai 2025 tu alitangaza kwamba Arpège inapika mimea peke yake, bila nyama, samaki, mayai wala maziwa, isipokuwa asali ya nyuki wake. Miaka 24 katikati! Mimi hiyo hainisumbui, ata inanipendeza kuliko hadisi ya kuokoka kwa siku moja. Mutu anayebadilisha kazi yake polepole, akirudi nyuma, akijaribu tena, huyo ninamuelewa. Kinachonisumbua ni sisi kupenda hadisi iliyo safi kupita mutu mwenyewe.

Sasa mashamba. Hapa naomba ruhusa ya kufurahi, maana ndiyo kazi yangu.

Shamba la kwanza lilianza 2002, Fillé-sur-Sarthe. Kiisha lingine katika Eure, kiisha lingine upande wa Mont-Saint-Michel. Mutu asiyejua udongo atauliza: juu ya nini matatu, na siyo moja kubwa? Ni kwa sababu Sarthe iko na muchanga, Eure iko na udongo wa mufinyanzi, na kule karibu na bahari ni udongo ulioletwa na maji. Muchanga unapata joto mapema, maji hayasimami, karoti inashuka moja kwa moja bila kugonga kitu: hapo wanaweka karoti, asparagasi, poaro. Mufinyanzi unashika maji na chakula cha mumea, unafaa mboga zenye njaa kama kabichi na seleri ya kichwa. Kwenye udongo wa tatu wanaweka majani ya harufu. Hii ni somo letu la pedoloji la mwaka wa pili! Sisi tuliliandika kwenye karatasi ya mutihani, tukapata 12 juu ya 20, tukalisahau. Mupishi ambaye hakusoma agronomi alilinunulia mashamba matatu.

Jambo la pili ni saa. Mboga inavunwa asubuhi na inafika Paris siku ileile, na haipiti kwenye frigo. Watu wanafikiri ni madoido ya watajiri. Hapana. Mboga iliyokatwa inaendelea kupumua. Inakula sukari yake yenyewe. Petipwa ndiyo mubaya zaidi: mutu akiichuma na kuiacha kwenye joto, sukari inageuka wanga haraka, na kesho yake inakuwa kama unga. Frigo inapunguza mwendo huo lakini inaua harufu za vitu kama tomati. Kwa hiyo huyu mupishi alielewa kwamba mapishi yanaanza pale kisu kinapokata shina. Ile betravi yake inayojulikana, anayoifunika na chumvi ya kijivu ya Guérande na kuipika nzima ndani ya oveni, ni hesabu ileile: ganda la chumvi linafungia maji ya betravi ndani, inaiva katika mvuke wake, sukari haitoki kwenda kuzama katika maji ya sufuria. Alichukua ujuzi wa kuchoma nyama akauweka juu ya muzizi. Kama munaniuliza ukubwa wake uko wapi, mimi nitasema uko hapo. Siku zile wakubwa wengi walikuwa wanamutazama Ferran Adrià kule Uhispania, mapovu na maabara, lakini huyu alirudi kwenye moto na siagi, na mutu akapewa kitunguu kama vile angepewa paja la kondoo.

Na tomati katika baridi? Hakuna. Hapo haongei na mutu.

Jambo lingine la kumusifu: Joël Robuchon na Alain Ducasse walitandaza majina yao katika inchi nyingi. Passard alibaki akipika rue de Varenne. Na jiko lake lilikuwa shule. Mauro Colagreco, ambaye Mirazur yake kule Menton ilipata nyota 3 mwaka 2019, alipita hapo. Pascal Barbot pia, na Bertrand Grébaut wa Septime. Mutu akifundisha hivyo, kazi yake haiishi kwenye sahani yake.

Sasa ubaya wangu.

Kwenye filamu unaona mikono ya Passard ikishika karoti kama mutoto muchanga. Nzuri sana. Lakini nani aliipanda? Nani aliamuka saa kumi na moja? Mashamba yale hayatumii dawa za kemikali, na farasi ndio wanavuta jembe. Wenzangu, munajua maana ya kupalilia bila dawa: ni mugongo wa mutu. Kuko wakulima wenyi akili pale, wenyi kuchagua mbegu, kupima udongo, kuamua siku ya kuvuna. Mupishi wa zamu ya pili aliyepita Arpège miezi sita anaandika jina hilo kwenye CV na milango inafunguka. Mukulima wa Arpège, ni gazeti gani la chakula lilikuja kumupa nyota? Michelin ilianzisha nyota ya kijani 2020 kwa kazi ya namna hiyo, lakini nayo ilipewa restora. Kazi yetu sisi inakuwa mapambo ya kazi ya mwengine.

Tena shamba lile linasimama kwa sababu ya zile euro 400. Farasi, magari, mavuno madogo ya kila siku, aina nyingi nyingi za mboga kwenye kipande kimoja: hakuna soko la kawaida linaloweza kulipa hiyo. Siyo kosa lake. Yeye hakusema analisha muji. Kosa ni letu tukichukua shamba la meza chache za Paris na kulifanya mufano wa namna ya kutoka katika shomaji.

Nitasema yangu, muelewe kwa nini nilinyamaza kwenye kundi. Nilipomaliza lisansi, mimi na wenzangu wawili tulilima karoti na poaro. Bila mbolea ya duka, kila kitu vile tulivyofundishwa. Tulipeleka karoti kwenye hoteli moja, asubuhi, bado na majani na umande. Mukubwa wa manunuzi alizitazama akasema hazilingane, kubwa na ndogo, mteja atasema nini? Akachukua zile za gunia, zilizokaa siku nne njiani. Hata hakuonja. Tuliziuza sokoni kwa mafungu, jioni, bei ya kutupa. Mwaka uliofuata mwenzetu mumoja akaenda kufanya kazi ya kuandika majina kwenye mradi, mwengine akanunua pikipiki. Mimi nilibaki na nusu ya kiwanja.

Njo maana nikiona Passard anainua karoti iliyopinda na watu wote kwenye filamu wananyamaza kama kanisani, ninasikia mambo mawili mara moja. Furaha, kwa sababu mutu mukubwa anasema mbele ya dunia kile tulichomuambia yule mukubwa wa manunuzi. Na hasira kidogo, kwa sababu karoti ilipaswa kupitia mikononi mwa mutu wa nyota 3 ili isikiwe. Ingekuwa ni mukulima wa Sarthe anaisema peke yake, Netflix isingepanda gari kwenda kule.

Kwa hiyo ndugu wa video, sina wivu. Mutazame, lakini mutazame na miaka yake: kijana jikoni, nyota 2 akiwa na miaka 26, nyota 3 akiwa na miaka 40, shamba la kwanza akiwa na 46. Anayetaka kuuza pikipiki yake kwa ajili ya video, anitafute kwanza, nitamuonyesha daftari yangu ya hesabu.

Juu ya betravi, nilijaribu. Siku ya mungo nilichukua mbili za kiwanja, nikanunua kilo 2 za chumvi ya mawe, nikazifunika zote na kuziweka kwenye oveni ya mukate ya jirani. Mama mukubwa aliona chumvi ile akapiga kelele: "Miezi miwili ya chumvi juu ya betravi mbili, na wewe ndiye uko na diplomi?" Tulipovunja ganda akaonja kwanza kipande kidogo, akanyamaza, akakata kingine. Nusu saa hivi hakukubakia kitu. Chumvi tuliipatia mbuzi.