Mlo wa Adhuhuri kwa Kipimo cha Mtoto

Miongoni mwa kazi za mikono zinazofanywa kila siku katika nyumba za Afrika ya Mashariki bila kuhesabiwa kuwa ufundi, imo kazi ya kutayarisha chakula cha mchana cha mtoto mdogo, yaani mtoto aliyekwisha kuota meno ya kutafunia lakini hajafikia umri wa kuanza shule ya msingi. Seremala na mfinyanzi huitwa mafundi bila ubishi, lakini anayegeuza choroko, kiazi na dagaa kuwa mlo ambao mtoto wa miaka mitatu ataumaliza kwa hiari yake husemwa tu kwamba amempikia mtoto. Hata hivyo, kazi hiyo ina malighafi yake, kanuni zake, makosa yake na ustadi wake, na ubunifu unaodaiwa humo hauhitaji vyakula vigeni wala mapambo ya gharama. Unahitaji mtu anayejua kukichukua chakula cha familia nzima na kukirekebisha kifuate kipimo cha mtoto, kisha akamwachia mtoto mwenyewe hukumu.

Kila ufundi hujulikana kwa ukaidi wa kitu unachokishughulikia, na katika ufundi huu ukaidi wa kwanza unatokana na mwili wa mlaji. Tumbo la mtoto ni dogo, kwa hiyo hawezi kula kingi kwa mpigo, ilhali mwili wake unaokua unadai virutubisho, yaani vile vijenzi vya chakula ambavyo mwili huvitumia kujijenga, kujikinga na kupata nguvu, kwa kiasi kinachoweza kumshangaza mtu mzima. Mfano ulio wazi ni madini ya chuma, ambayo huiwezesha damu kubeba oksijeni: viwango vilivyotolewa Marekani mwaka 2001 vinamkadiria mtoto wa miaka minne hadi minane miligramu 10 kwa siku, na mwanamume mzima miligramu 8. Kwa maneno mengine, sahani ya mtoto wa umri huo, ndogo kama ilivyo, inatakiwa kubeba chuma kingi kuliko sahani ya baba yake. Mpishi asiyelijua hilo humjaza mtoto ugali na mchuzi mwepesi, mtoto akashiba, na shibe hiyo ikaficha upungufu ambao hauonekani kwa macho. Anayelijua hujiuliza, kabla ya kubandika chungu, kila kijiko kitakachoingia katika kinywa kile kitakuwa kimebeba nini.

Jibu moja la zamani kwa swali hilo ni mseto wa choroko, mlo wa pwani na visiwani ambao mchele na choroko hupikwa katika chungu kimoja hadi vishikane. Anayeupika kwa ajili ya mtoto huzipepeta na kuzichambua choroko kwenye ungo ili kuondoa vijiwe, huziloweka tangu usiku, na huzichemsha peke yake mpaka maganda yapasuke, ndipo anapotia mchele pamoja na tui la pili, lile jepesi linalopatikana kwa kuyakamua machicha ya nazi mara ya pili, na kuuacha moto mdogo ufanye kazi yake. Tui la kwanza, ambalo ni zito, huja mwisho, maji yakiwa yamekaribia kukauka, kisha mwiko huingia na kuponda kwa kubonyeza kwenye ukingo wa chungu, pasipo kukoroga ovyo, ili punje chache zibaki nzima na ulimi wa mtoto upate kitu cha kutambua. Chumvi hutiwa kwa uchache, na pilipili huachiwa mchuzi wa wakubwa. Sayansi ya lishe inaeleza kwa nini muungano huo una nguvu: protini hujengwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino, na nafaka zina upungufu wa asidi amino iitwayo laisini, ambayo imejaa katika mikunde, huku mikunde ikipungukiwa na methionini, ambayo nafaka zinayo zaidi. Vikiliwa pamoja, kila kimoja hukidhi pengo la mwenzake.

Hekima hiyohiyo imetawanyika mbali na bahari. Imo katika ndizi na maharage ya Kagera, katika makande ya mahindi na maharage, na katika mukimo wa Kenya ya kati, ambamo mahindi, mikunde, viazi na majani ya maboga hupondwa pamoja hadi bonge zima likawa la kijani. Kinachobadilika fundi anapomfikiria mtoto ni matayarisho tu: mahindi ya makande sharti yakobolewe na yachemke hadi yapondeke kwa vidole viwili, na maharage yalowekwe na maji ya kulowekea yamwagwe, jambo ambalo hupunguza gesi tumboni na pia hupunguza fitati, yaani dutu iliyomo katika mbegu ambayo hushikamana na chuma na zinki na kuuzuia mwili usivipate.

Baada ya swali la kilichomo huja swali la uzito, nalo lina mtego wake. Uji mwepesi humezeka vizuri lakini hulijaza tumbo maji. Uji mzito una nguvu nyingi lakini humchosha mtoto kabla hajafika katikati ya bakuli. Wapika togwa na pombe za kienyeji walijua tangu kale kwamba unga wa kimea, yaani nafaka iliyolowekwa, ikachipua, ikaanikwa na kusagwa, ukitiwa kidogo katika uji mzito uliopoa kiasi, huulainisha kwa dakika chache. Sababu yake ni kimeng'enya kiitwacho amilesi, ambacho huzaliwa mbegu inapochipua na hukata minyororo ya wanga, hivyo uji ukawa mwepesi bila kuongezewa maji. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, waliichunguza mbinu hiyo kwa ajili ya vyakula vya watoto, na kwa kufanya hivyo wakaupa heshima ya maabara ujuzi ambao ulikuwa umekaa muda mrefu katika vyungu vya wapika togwa na pombe.

Rangi ni sehemu nyingine ya ufundi huu, nayo ina faida mbili kwa pamoja, kwa kuwa humvuta mtoto na pia humjulisha mpishi kilichomo. Viazi lishe, ambalo ni jina vililopewa viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, vina beta-karotini kwa wingi, na mwili huigeuza beta-karotini kuwa vitamini A inayolinda macho na kinga ya mwili. Kazi ya kuvizalisha na kuvieneza viazi hivyo barani Afrika ilitambuliwa mwaka 2016, Robert Mwanga wa Uganda, Maria Andrade wa Cape Verde na Jan Low wa Marekani walipotunukiwa Tuzo ya Chakula ya Dunia pamoja na Howarth Bouis. Lakini kiazi hicho kikichemshwa na kuliwa kikavu hutoa sehemu tu ya utajiri wake, maana beta-karotini huhitaji mafuta ili ifyonzwe vizuri. Ndiyo sababu fundi mzuri hukiponda pamoja na kijiko cha tui zito au cha karanga zilizosagwa, na papo hapo ladha yake ikaongezeka. Vivyo hivyo mchicha na maharage hutoa chuma chake kwa ubahili mpaka vipate mwenzi mwenye vitamini C, na mwenzi huyo hakosekani: ni kipande cha embe au cha papai, ni chungwa lililomenywa, ni ndimu iliyokamuliwa juu ya mboga baada ya kuipua. Chai ya rangi, kwa upande wake, hufunga mlango uliofunguliwa na ndimu, kwa kuwa tanini iliyomo hukishika chuma, na hivyo kikombe chake hakifai kuandamana na sahani ya mtoto.

Kuhusu vitoweo, dagaa wanastahili sifa ambazo udogo wao umewanyima. Samaki huyu, awe wa Ziwa Viktoria, wa Kigoma au wa baharini, huliwa mzima pamoja na mifupa yake, na mifupa hiyo ni kalsiamu. Mpishi wa mtoto huwaondoa vichwa, huwaosha mara kadhaa kwa maji ya uvuguvugu hadi mchanga uishe chini ya bakuli, huwakausha juu ya moto mdogo, kisha huwatwanga wawe unga ambao kijiko chake kimoja huingia katika mchuzi wa nyanya bila kuleta ugomvi. Karanga nazo hutendewa kwa tahadhari ya namna mbili. Kwanza huchambuliwa, zile zilizosinyaa au kuota ukungu zikatupwa, kwa hofu ya sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na aina fulani za kuvu kwenye nafaka na karanga zilizohifadhiwa vibaya, ambayo mwaka 2016 ilisababisha vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Pili husagwa, kwa kuwa karanga nzima huweza kumkaba mtoto ambaye bado hajaimudu kazi ya kutafuna.

Umbo ndilo linalodhihirisha ubunifu kuliko jambo jingine lolote, hasa pale ambapo chakula kinapaswa kufungwa katika hotpoti na kupelekwa chekechea. Hapo mseto wenyewe hauna nafasi, kwa sababu chakula cha nazi huchacha upesi katika joto la mchana, na mpishi hulazimika kuyawaza mambo matatu kwa pamoja: kisichoharibika upesi, kinachoshikika, na kinachopendeza kikiwa kimepoa. Katlesi hukidhi yote matatu. Viazi hupondwa vingali moto, samaki aliyechambuliwa miiba kwa vidole, na si kwa macho pekee, huchanganywa navyo pamoja na karoti iliyokunwa, kitunguu kilichokaangwa na kotmiri, kisha donge hufinyangwa kwa ukubwa unaoenea katika kiganja cha mtoto, si cha mpishi, likachovywa katika yai na kukaangwa hadi ganda lishikamane. Chapati iliyokandwa kwa boga lililopondwa huhitaji maji machache na hutoka na rangi ya dhahabu; ikipakwa maharage yaliyosagwa, ikaviringishwa na kukatwa vipande vifupi, huwa mlo kamili usiohitaji kijiko. Yai la kuchemsha hukatwa robo, tango hukatwa vijiti, na matunda ya mviringo hukatwa kwa urefu ili yasizibe koo. Katika kazi hizi zote kisu hufanya zaidi ya kupamba, kwa kuwa ndicho kinachompa mtoto uwezo wa kujilisha mwenyewe.

Ukaidi wa pili ni mgumu zaidi, nao ni hamu. Methali husema kizuri chajiuza, lakini aliyeitunga bila shaka hakuwahi kumwekea mchicha mtoto wa miaka mitatu. Wanasaikolojia wanaitambua hali ya kuogopa chakula kigeni, ambayo hushamiri takriban kuanzia mwaka wa pili wa maisha, na utafiti wa Leann Birch na wenzake nchini Marekani, ulioanza kujulikana katika miaka ya 1980, ulionyesha kwamba hofu hiyo hupungua kwa kukionja chakula kilekile mara nyingi, pengine mara kumi au zaidi, bila kulazimishwa. Mwenzao wa nchi hiyo, mtaalamu wa lishe Ellyn Satter, aligawa majukumu kwa namna ambayo mabibi wengi wangeielewa mara moja: mkubwa huamua kitakacholiwa, saa ya kula na mahali pa kulia, naye mtoto huamua kama atakula na kiasi gani. Fimbo na ahadi ya peremende huuvunja mgawanyo huo, kwa sababu moja hugeuza mboga kuwa adhabu na nyingine huifanya kuwa deni linalolipwa kwa sukari. Fundi mwenye subira huweka kijiko kimoja cha mchicha kando ya kile ambacho mtoto tayari anakipenda, hula wake mbele yake kwa raha, na hasemi kitu.

Desturi ya kula sinia moja inafaa kutazamwa kwa jicho hilohilo. Sinia hufundisha mengi ambayo sahani ya peke yake haiwezi kuyafundisha: kunawa, kupiga bismillahi, kula kilicho mbele yako, kumngoja mwenzio. Walakini mtoto mdogo hula polepole, na kaka zake huwa wamefika kwenye kitoweo kabla yeye hajamaliza matonge matatu. Kwa hiyo washauri wa lishe hupendekeza mtoto awekewe bakuli lake, ili anayemlisha aone kiasi alichokula, na bakuli hilo laweza kuwekwa pembeni mwa sinia ileile ili mtoto apate haki ya tumbo lake bila kunyimwa jamaa zake.

Jambo la mwisho linalouinua ufundi huu ni aina ya hukumu unayoikubali. Mgeni husifu chakula kibovu kwa adabu, na mume husifu kwa busara, lakini mtoto mdogo hana adabu ya namna hiyo. Akikataa amekataa, na bakuli hurudi jikoni likiwa limejaa. Mpishi asiye fundi hulichukua hilo kama tusi, akatafuta biskuti na juisi ya pakiti ili amani irudi. Fundi hulisoma bakuli. Hutazama kilichotemwa na kilichosazwa, akatambua kwamba kasoro ilikuwa katika ganda la choroko wala si katika choroko yenyewe, na siku ya pili huzileta zimechujwa, au zimefinyangwa kuwa bajia ndogo zilizochomwa kwa mafuta machache. Kazi inayokosolewa kila adhuhuri na mlaji asiyejua kubembeleza, nayo ikajirekebisha kwa vitu vilevile vya bei nafuu vilivyopo sokoni, inastahili kufundishwa kwa wasichana na wavulana kwa uzito uleule unaopewa useremala na ushonaji, na wale wanaoifanya leo, wawe ni mama, bibi, baba au dada wa kazi, wanastahili kuitwa mafundi.