Nati ya Mwisho Hukazwa Gari Likiwa Chini

Fundi aliyeitwa kwenye parseli moja ya Mutoshi, pembezoni mwa Kolwezi, hakufungua sanduku la spana alipofika. Aliomba ufunguo. Mwenye gari, ambaye alikuwa ameshakata shauri kwamba amotisere, yaani shokapu, zimekufa, akaketi kando yake, na Corolla ikatoka getini kwenda kwenye barabara ileile inayoibomoa kila siku.

Hapo ndipo kazi ya nyumbani inapoizidi ya garaji. Sakafu ya garaji ni tambarare, na gari bovu hunyamaza juu yake. Njia za Mutoshi, mahali palipojulikana zamani kwa mgodi wa Ruwe, ni za udongo mwekundu: kiangazi hutifua vumbi, msimu wa mvua huficha kina cha mashimo chini ya maji. Ukitaka kusikia gari linalalamika nini, lirudishe linapoumizwa.

Fundi alipanda kwanza tuta, magurudumu yote mawili ya mbele kwa pamoja. Kimya. Kisha akaliingiza shimoni gurudumu la kulia peke yake: ko-ko-ko. Tofauti hiyo ilitosha kumpa mshukiwa wa kwanza. Stabilaiza ni ufito wa chuma unaounganisha upande wa kushoto na wa kulia ili gari lisilale sana kwenye kona. Magurudumu yakipanda pamoja, ufito huzunguka tu na viungo vyake havibebi mzigo. Likipanda moja, ufito hujipinda, na kiungo kilicholegea hugonga.

Waliporudi, alikandamiza kona ya boneti akaiachia. Gari lenye shokapu nzima hupanda, hushuka, hutulia. Hili lilipanda na kushuka mara tatu, na mafuta yaliyovuja kwenye shokapu yalikuwa yameshika vumbi hadi yakawa tope. Mwisho aliinua gari, akasukuma mkono wa chini unaoshika gurudumu kwa mtaimbo. Raba ya bushi yake ya nyuma ilikuwa imechanika. Mteja alikuwa na lawama moja. Gari lilikuwa na maradhi matatu. Angebadilisha shokapu peke yake, ko-ko-ko ingebaki.

Kesho yake fundi alirudi na vipuri: shokapu mbili (kwa kuwa mpya ikiwekwa upande mmoja na kuukuu upande wa pili, gari halitulii sawasawa), viungo viwili vya stabilaiza, na mkono mzima wa chini badala ya bushi peke yake. Bushi huingizwa kwa presi, na presi haipandi pikipiki. Kuigonga kwa nyundo uani ni kununua raba mpya na kuiumiza siku hiyohiyo.

Ardhi nayo ilitaka hesabu yake. Kolwezi ni mji ambao mwaka 2014 wakazi wa mtaa wake wa Kasulo walianza kuchimba kobalti ndani ya parseli zao. Udongo hapa hauaminiwi kwa macho. Kitako cha jeki chenye upana wa sentimita 15 kila upande kina eneo la sentimita za mraba 225. Ubao mnene wa sentimita 40 kwa 40 una 1,600. Uzito ni uleule, lakini kila sentimita ya mraba ya udongo inasukumwa kwa nguvu iliyopungua takribani mara saba. Baada ya jeki zilikuja stendi za chuma, nazo juu ya mbao. Tofali la saruji lilikataliwa: hupasuka bila kutoa onyo. Magurudumu yote mawili ya mbele yaliinuliwa, maana ukiinua moja tu stabilaiza hubaki imejipinda, na kiungo hakitoki bila kupigwa.

Kisha fundi akafanya jambo ambalo wateja wengi huliona kuwa udhaifu. Mbele ya Corolla, shokapu na springi ni kitu kimoja kilichosimama, mpangilio uliopewa jina la Earle MacPherson, mhandisi wa Marekani. Ili kutoa shokapu, lazima springi ibanwe kwanza, na springi iliyobanwa ni mtego: kibanio kikiteleza, inaweza kuua. Alizifungua zote mbili zikiwa nzima, akazifunga nyuma ya pikipiki, akazipeleka kwenye karakana yenye mashine ya kuzibana. Saa mbili baadaye alirudi nazo zimeshaunganishwa upya. Fundi anayekuja nyumbani hapaswi kufanyia kila kitu nyumbani.

Kukaza kulifuata kipimo cha kitabu cha gari. Asiye na spana ya kupimia anaweza kukisia: uzito wa kilo 15 ukining'inia kwenye ncha ya bomba la mita 1 hutoa takribani Newton-mita 150. Ni makisio tu, lakini yanamzuia mtu mwenye nguvu asikate bolti.

Lakini bolti za mkono wa chini alizifikisha kwa vidole tu, akaziacha. Akashusha gari, akaliviringisha juu ya mbao nne pana zenye unene sawa, akalitikisa mbele na nyuma mpaka likakaa, ndipo akalala chini na kuzikaza. Mwenye gari alidhani kuna kilichosahauliwa. Hakikuwapo. Bushi ni raba iliyoshikamana na chuma, haizungushwi, hujisokota. Ukiikaza gurudumu likiwa linaning'inia, umeifunga katika mkao usio wake. Gari likishuka, raba hubaki imesokotwa hata likiwa limeegeshwa, na kila shimo huizidishia. Kipuri kipya huchanika kabla ya wakati, na lawama huangukia duka.

Walirudi barabarani: tuta, kisha shimo la kulia. Kimya mara zote mbili. Kilichobaki ni alaini ya magurudumu, kwa kuwa shokapu zikifunguliwa pembe zake huweza kuhama, na hiyo hupimwa kwa mashine mjini.

Kwa hiyo akija fundi kwako, swali la kwanza lisiwe bei. Muulize bolti za mkono wa chini atazikaza lini. Akijibu, “Kabla ya kushusha gari,” mrudishie sanduku lake.