Namba ya sensa ina maajabu. Halafu?

Kuna makala za "Je, wajua?" zinazochukua namba moja kubwa na kummiminia msomaji maajabu yake. Nazipenda, ila leo nina lawama nazo. Tuchukue namba tunayoijua wengi: 61,741,120, idadi ya watu wa Tanzania kwa Sensa ya 2022.

Maajabu yapo kweli. Tarakimu zake nne za mwanzo ni 6174, namba ya Kaprekar, mwalimu wa shule wa India. Chukua namba yoyote ya tarakimu nne, mradi zote zisiwe zilezile kama 7777. Zipange kutoka kubwa kwenda ndogo, kisha toa mpangilio wa kinyume. Rudia, jibu likipungua tarakimu, weka 0 mbele. Hazizidi hatua saba, utafika 6174 na kukwama hapo: 7641 − 1467 = 6174.

Ukiivunja namba yote unapata 2×2×2×2×2×2×5×7×43×641. Hiyo 641 ina historia yake. Fermat aliamini kuwa 4,294,967,297 ni namba tasa. Mwaka 1732 Euler akaonyesha kwamba inagawanyika kwa 641. Raha tupu!

Sasa tatizo liko wapi? Makala nyingi huishia hapo, na msomaji anabaki akidhani sifa zote za namba ni za aina moja. Hapana. Ile 6174 inatokana na uandishi wetu: tungekuwa tunahesabu kwa mafungu ya nane badala ya kumi, tarakimu hizo tusingeziona. 641 ni sifa ya namba yenyewe, iandike utakavyo. Ila si sifa ya Watanzania. Mwongeze mtoto mmoja tu, tuseme wa Mtendeni hapa Tabora, inakuwa 61,741,121. Namba mbili zinazofuatana hazina kigawo cha shirika zaidi ya 1, kwa hiyo 2, 5, 7, 43 na 641 zote zinaondoka kwa mkupuo.

Aina ya tatu ni sifa zinazomstahimili mtoto huyo. Mkoa wa Tabora ulikuwa na watu 2,291,623 mwaka 2012. Mwaka 2022 wakawa 3,391,679. Gawanya: karibu mara 1.48. Nchi nzima, kutoka 44,928,923, ni karibu mara 1.37. Yaani kama sehemu ya watoto haikubadilika, kila madawati 100 ya Tabora yanatakiwa kuwa 148 ili hali ibaki vilevile tu, achilia mbali kuboreka. Ongeza watu elfu moja au uwapunguze, 1.48 haitikisiki.

Biashara ya misafara iliyopita hapa ilikuwa na busara hiyo: pembe za ndovu zilihesabika moja moja, ila bei ilikwenda kwa frasila.

Mwanafunzi akimaliza makala anaijua 641 lakini haoni kwa nini 1.48 ndiyo inayodai madarasa, jamani, tumemburudisha tu, hatujamfundisha. Kwa hiyo kabla ya kusambaza ajabu la namba, uliza: tukiongeza mmoja, linabaki? Likibaki, huenda linasema jambo kuhusu watu. Lisipobaki, ni habari ya namba, nayo ni halali kabisa, mradi tuseme hivyo.