Siku Tatu Majini

Anayeloweka muhogo mchungu, ukimtazama, utadhani hana kazi. Amemenya, amekata, ametumbukiza vipande majini na kwenda zake. Siku ya tatu anarudi, anazamisha mkono na kubonyeza kipande kwa kidole gumba. Kikimong'onyoka, mzizi wa katikati ukachomoka kama uzi, kimeiva. Kikigoma kinarudishwa majini. Kazi wameifanya bakteria, ndugu wa wale wanaogandisha maziwa. Sumu ya muhogo, linamarini, hukaa ndani ya seli, na kimeng'enya cha kuivunja hukaa kwenye ukuta wa seli hiyo hiyo; havikutani mpaka ukuta ubomoke. Bakteria huubomoa, na sayanidi inayotoka huishia majini na hewani. Kwa hiyo ninachokisifu hapa ni kusubiri. Mlowekaji hana mkono ndani ya seli. Anachomiliki ni muda, na kujua umetosha lini.

Huko Kahemba, magharibi mwa Kongo, barabara ya kwenda Kinshasa ilipotengenezwa wachuuzi walifika wakitaka mzigo haraka. Siku tatu zikawa mbili, hata moja. Unga ulikuwa mweupe vilevile, ila walioula kila siku bila maharage wala samaki walipatwa na konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na usiopona. Daktari Giovanni Trolli alikwisha kuandika juu yake mwaka 1938. Jina la ugonjwa huo kwa Kiyaka maana yake ni miguu iliyofungwa. Tarime, nchini Tanzania, nako ulizuka mwaka 1985, wakati wa ukame: muhogo uliokua na kiu huzidi uchungu, na mwenye njaa hana siku za kuupa.

Si tupande mtamu tu? Swali la haki, ila aulizwe kwanza nguruwe mwitu, anayeumaliza mtamu na kuupita mchungu. Wengine wanalalamikia harufu. Kwa hilo siwabishii, ingawa uchachu unaonuka ndio huo unaowazuia vijidudu vya kuharisha. Hoja nzito ni kwamba kuchachusha hakuondoi kila sumu. Kweli: sumukuvu kwenye mahindi iliua watu 125 nchini Kenya mwaka 2004, na hakuna mtungi wa kuaminiwa kwa hilo. Lakini ukungu ule ulizaliwa kwenye nafaka iliyohifadhiwa ikiwa mbichi, yaani kwa mtu aliyekosa kungoja jua, au jua lililomkosa yeye.

Inabaki mashine ya kukuna, ambayo hubomoa kuta kwa dakika. Naikubali, tena inaokoa migongo. Ila tazama wanaoitumia Nigeria kutengeneza gari (si la magurudumu, ni ule unga wao wa muhogo): wakishakuna, hujaza magunia, huyakandamiza, na kuyaacha siku mbili tatu yakichuruza maji machachu, ndipo wawashe moto wa kukaangia.