Pikipiki Isiyo na Fremu

Kilo 138. Namba hiyo hunisimamisha kila ninaposoma habari za uzito wa pikipiki ya Britten V1000. Mwaka 1992, Honda walipotoa Fireblade yenye kilo 185 bila mafuta, wapenzi wa pikipiki walistaajabia wepesi wake. Ni kweli ile ilikuwa ya barabarani na hii ya mashindano. Lakini Honda wana viwanda na majeshi ya wahandisi. Britten iliundwa na John Britten na wenzake wachache huko Christchurch, New Zealand, katika karakana ya nyumbani, na injini yake ya cc 999 ilitoa nguvu ya farasi 166 kwa mizunguko 11,800 kwa dakika.

Kila kifaa kilitakiwa kueleza kazi yake. Fremu ya nini, ilhali injini yenyewe ni bonge gumu la kutosha kubeba kila kitu? Ikaondolewa. Mkono wa gurudumu la nyuma ukafungwa kwenye injini, na juu ya silinda kikakaa kipande chepesi cha nyuzi za kaboni cha kushikilia sehemu ya mbele.

Kinachonivutia kupita vyote ni rejeta. Pikipiki nyingi za aina hii huibeba nyuma ya gurudumu la mbele, pana kama ngao, ikikinza upepo. Britten aliipeleka chini ya kiti. Hewa huingia puani, hupita katika njia iliyofinyangwa ndani ya bodi, hupoza maji, kisha hutokea nyuma. Kwa kuwa injini ya V yenye silinda mbili ni nyembamba, pikipiki nzima ikabaki nyembamba, na upepo ukapata pa kupita. Shokapu ya nyuma nayo akaihamishia mbele ya injini, akaiunganisha na mkono wa nyuma kwa fito ndefu. Huko mbele inapigwa na hewa baridi, mbali na joto la silinda ya nyuma. Uhamisho mmoja ukazaa mwingine, na hakuna uliofanywa kwa mbwembwe.

Umbo la nje alilitafuta kwa waya. Aliukunja, akaushika kwa gundi ya moto, akatazama, akaukunja tena mpaka mistari ikamridhisha. Kalibu zikafuata, kisha nyuzi za kaboni zikalazwa kwa mkono, tabaka juu ya tabaka. Hata magurudumu yalitengenezwa hivyo.

Ziliundwa kumi tu. Mwaka 1995 mwendeshaji Andrew Stroud alitwaa nayo ubingwa wa dunia wa mashindano ya pikipiki ya BEARS. Septemba mwaka huohuo Britten akafariki kwa saratani, akiwa na miaka 45. Moja ya hizo kumi iko katika makumbusho ya Te Papa, Wellington. Atakayebahatika kuiona aichungulie kwa mbele, kati ya gurudumu na injini: mahali ambapo angetarajia rejeta, atakuta shokapu.