Ukale wa Kupakwa Moshi

Ndugu msomaji, kuna maneno mawili ambayo mwenye duka la vinyago akisha kuyatamka, kigoda cha shilingi elfu chache hugeuka papo hapo kikawa cha laki. Maneno hayo ni "cha kale". Mti ni ule ule, miguu ni ile ile mitatu. Kilichozidi ni hadithi. Na hadithi hiyo, si mara chache, imepakwa moshi wiki iliyopita.

Twataka tuitazame biashara hii kwa mfano wa mkoa wa Mara, katika wilaya za Tarime na Serengeti. Huenda ukauliza, sisi watu wa pwani tuna nini na huko? Tunayo mengi. Tarime yapakana na Kenya pale Sirari, mkabala na Isebania, na ukivuka ukaendelea kidogo wafika nchi ya Wakisii, ambako Tabaka huchimbwa lile jiwe laini lichongwalo vikombe, viboko na ndovu. Upande wa pili ipo wilaya ya Serengeti, ambayo mji wake mkuu ni Mugumu, nayo ni njia ya wageni waendao mbugani kwa lango la Ikoma, karibu na ngome ya zamani ya Wajerumani. Kwa hivyo nchi hii imekaa baina ya wachongaji na wageni. Vitu vyake haviishii huko: hushuka mpaka duka za Mombasa, Malindi na Unguja, na wenye duka hizo wengi ni jamaa zetu, watu wa kuswali na kufunga.

Wakurya wana vitu vizuri, hilo halina ubishi. Wana litungu, chombo cha nyuzi nane chenye sauti nzito ya kifuani. Wana vibuyu vya maziwa, ngao za ngozi na vigoda. Mtu akiunda kigoda leo akakiuza leo, hiyo ni riziki yake ya halali na mikono yake ibarikiwe. Hatumsemi huyo.

Tunayemsema ni yule anayekichukua kigoda hicho kipya akakining'iniza juu ya moshi wa jiko mpaka kikawa cheusi, au akakifukia katika samadi na udongo wa maji, au akakiweka penye mchwa kidogo ili kipate tundu, kisha akakisugua mafuta na masizi. Njia hizi zajulikana katika biashara ya vinyago popote Afrika. Tunamsema na yule apakaye mti mweupe dawa ya viatu akauita mpingo. Jiwe la Kisii nalo, likisha kutiwa weusi, huweza kupewa kabila jipya na umri mpya kabla halijafika dukani.

Kuyatambua haya si kazi kubwa, ila watu hawapendi kuambiwa. Mpingo wa kweli ni mzito hata huzama majini. Pamba yenye spiriti ikipitishwa chini ya kinyago itatoka na rangi kama rangi ni ya kupaka. (Lakini usimwonee mchongaji: mpingo nao una sehemu ya nje iliyo nyeupe, na wachongaji wengi huiacha makusudi kwa uzuri.) Kitu kilichotumika huchakaa pale kinaposhikwa na kukaliwa, kitu kilichochakazwa huchakaa kila mahali sawasawa. Na kibuyu kilichowekwa maziwa miaka mingi chanuka maziwa ndani, hakinuki moshi nje peke yake.

Sasa tufike kwenye hukumu ya jambo. Wengi wetu twakijua kisa cha Bwana Mtume (S.A.W.) na yule mwenye nafaka iliyoloa chini ikafunikwa na kavu. Lakini kipo kingine kinachoingia katika mlango huu moja kwa moja, nacho ni cha mifugo, na watu wa Tarime ambao ng'ombe ndiyo mali yao wangekifahamu upesi kuliko sisi. Mtume alikataza mtu kumwacha ngamia au mbuzi bila ya kumkama siku kadhaa ili kiwele kijae, apate kumuuza kwa bei ya mnyama wa maziwa mengi. Akampa mnunuzi hiari: akitaka abaki naye, akitaka amrudishe pamoja na pishi ya tende. Angalia vizuri, msomaji. Mbuzi yule ni mbuzi kweli, na maziwa ni maziwa kweli. Hakuna kitu cha bandia. Kilichofanywa ni kuigeuza hali ya kitu ili jicho la mnunuzi litoe ushahidi wa uwongo. Mafakihi huuita tadlisi. Kigoda cha kupakwa moshi ni mbuzi yule yule.

Basi ule utetezi wa "mimi sikusema uwongo, yeye mwenyewe alikiona" hausimami. Wala hausimami ule mwingine tuusikiao sana: "Mzungu ana pesa, na tena hajui." Kutojua kwake ndiko kulikoifanya hiari ya mnunuzi iwepo katika sheria! Wako pia wasemao kuwa wazungu walichukua vya kwetu bure zama za ukoloni, basi sasa walipe. Ni kweli vilichukuliwa, na malalamiko yake ni ya haki. Lakini aliyechukua si huyu aliyekuja na mkewe kutazama nyumbu, wala pesa anayoitoa hairudi kwa Mkurya aliyechukuliwa ngao ya babu yake.

Tusidhani tena kuwa haya ni ya bara. Mwishoni mwa mwaka 1895, posta ya Unguja ilipotoka mikononi mwa Wahindi, stempu za India zilipigwa chapa ya neno "Zanzibar" juu yake, na kazi hiyo ilifanyika papo hapo mjini, katika mtambo wa gazeti la serikali. Harufi zilichanganyika, zikatoka stempu zilizoandikwa "Zanzidar". Kwa kuwa kosa lile ni adimu, wakusanyaji walilipenda. Na kwa kuwa walilipenda, walaghai walichukua stempu za India zilizo halisi wakazipiga chapa ya uwongo, wengine wakalighushi hata kosa lenyewe. Mafia nayo, baada ya Waingereza kuiteka mwaka 1915, ilikuwa na stempu za Kijerumani zilizogongwa chapa ya kisiwa, na za bandia ni nyingi. Karatasi ni ya kweli, gundi ni ya kweli. Uwongo ni wino mdogo tu.

Na huko Marekani, ambako watu hukusanya kadi zenye picha za wachezaji, kadi moja ya mchezaji wa besiboli Honus Wagner, ya kiasi cha mwaka 1909, iliuzwa mwaka 2007 kwa dola milioni 2.8. Ilisifiwa kwa kingo zake zilizonyooka. Mwaka 2013 mfanya mnada Bill Mastro alikiri mahakamani kwamba yeye ndiye aliyezikata kingo hizo, na mwaka 2015 akahukumiwa kifungo cha miezi 20. Hakuongeza kitu katika kadi ile, alipunguza. Kampuni ya wataalamu ilikuwa imekwisha kuipa alama ya juu na kuifunga ndani ya plastiki. Basi tusizitegemee sana hati na mihuri tuonyeshwayo madukani.

Anayepata hasara kubwa katika haya si mgeni. Mgeni atakirudisha kigoda kwao, atakiweka sebuleni, na huenda akafa hajui. Hasara ni ya Mkurya na Mwikoma. Kitu cha uwongo kikishaingia katika majumba ya makumbusho na vitabu kwa jina la "ngao ya Wakurya ya zamani za vita", mjukuu wa Mkurya atakuja kujifunza mila yake kutoka kwa mlaghai. Waikoma wana pembe za ndovu waziitazo Machaba, amana ya kabila zima, zenye masimulizi ya zilikotoka na nani alizipokea. Hicho ndicho kitu cha kale: kina watu wa kukishuhudia, na wala hakiko dukani. Mbona vya dukani havina hata shahidi mmoja?

Tena kuna sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ya Tanzania bara inavilinda vitu vya mila, na hata milango ya kuchongwa ya kabla ya mwaka 1940, visitolewe nchini bila ya kibali. Sasa muulize muuzaji akuapiaye kuwa chake ni cha karne iliyopita: kibali kiko wapi? Kama ni cha kale kweli, ameivunja sheria. Kama si cha kale, amekudanganya. Achague.

Mnunuzi naye hatumwachi. Yeye hupita mbele ya mchongaji aliye hai, asimwulize jina, akaenda kutafuta kazi ya marehemu asiyejulikana, kwa sababu rafiki zake watamsifu zaidi. Tamaa hiyo ndiyo soko la moshi.

Na wewe mwenye duka, huna haja ya kufunga. Andika karatasi ndogo: kimechongwa mwaka huu, Tarime, na fulani, kwa mti fulani. Bei itashuka kwa baadhi ya vitu, ndiyo. Lakini chukua litungu mfano wake. Likifukiwa samadini lipate uzee, ngozi yake huoza na nyuzi hulegea, likabaki la kutundikwa ukutani. Lile jipya, ukimwita aliyelitengeneza akalipiga mlangoni pa duka lako, wapita njia watasimama.